BAISKELI ISIYOTEMBEA: UFUATE MPANGO AO UENDE UTAKAVYO?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, na wewe kijana: leo hatutasema juu ya kofia wala viatu vya chuma. Tutasema juu ya baiskeli, ile wengine wetu tunaiita kinga. Lakini hii haitoki nyumbani. Inasimama sakafuni, miguu inakanyaga, na mbele yako kioo kinaonyesha barabara, milima na watu wengine wanaokwenda pamoja nawe.

Utauliza: neno hili linahusu nini usalama wa kazi? Linahusu sana. Mtu anayejua kufanya mazoezi vizuri anafika kazini na moyo wenye nguvu. Mtu asiyejua anafika na miguu mizito na usingizi machoni, na katika mgodi usingizi ni adui. Basi soma mpaka mwisho, kisha umsomee na mwenzako.

NI MASHINE GANI?

Mtu anafunga baiskeli yake ya kweli juu ya mashine ndogo. Gurudumu la nyuma linaondolewa, ao linakaa juu ya mzingo wa chuma. Ndani ya mashine mna breki ya sumaku inayoongozwa na umeme. Mashine inapima nguvu ya miguu yako kwa wati, na kuipeleka katika kompyuta ao telefone. Juu ya kioo unaona mtu aliyechorwa anakanyaga: ndiye wewe. Mlima ukitokea juu ya kioo, breki inakaza. Mteremko ukitokea, inalegea. Wale unaowaona kando yako ni watu wa kweli, kila mmoja nyumbani kwake, pengine katika nchi ya mbali, nao wanakanyaga saa ile ile.

Programu inayojulikana sana kwa kazi hii inaitwa Zwift. Ilianza Marekani mwaka 2014. Kisiwa chake, Watopia, hakipo katika ramani yoyote ya dunia, lakini jasho linalotoka pale ni jasho la kweli. Mwaka 2016, mwezi wa Februari, Mathew Hayman wa Australia alivunjika mkono katika mashindano. Hakuweza kwenda barabarani, akafanya mazoezi yake nyumbani juu ya mashine. Tarehe 10 Aprili mwaka ule ule alishinda Paris–Roubaix, shindano moja gumu kuliko mengi duniani. Tena tarehe 9 Desemba 2020, shirika la baiskeli la dunia, UCI, lilifanya kwa mara ya kwanza ubingwa wa dunia wa baiskeli za ndani. Kwa wanawake alishinda dada yetu wa Afrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Kwa wanaume alishinda Jason Osborne wa Ujerumani, aliyekuwa mpiga makasia.

Mashine hizo ni za bei kali, na umeme wetu unakatika mara nyingi. Usihuzunike. Baiskeli ya kawaida ya chumba cha mazoezi, yenye kitasa cha kukazia, inaweza kukufaa vilevile. Maneno tutakayosema hapa yanahusu zote mbili.

NAMNA MBILI ZA KUKANYAGA

Namna ya kwanza ni kufuata mpango. Kabla ya kupanda umekwisha kujua: dakika 10 polepole, kisha dakika 4 kwa nguvu, dakika 3 polepole, na kadhalika. Mashine yenye umeme inaweza kushika wati yenyewe. Ukiagizwa wati 150, itakaza ao kulegeza breki ili utoe 150, si zaidi wala si pungufu.

Namna ya pili ni kwenda utakavyo. Unachagua barabara juu ya kioo, unakanyaga. Ukiona mlima unapanda. Ukiona mtu mbele unamfuata. Ukichoka unapunguza.

Mabishano haya si ya leo. Kabla ya vita kuu ya pili, kule Ujerumani, mwalimu Woldemar Gerschler na mganga wa moyo Herbert Reindell walipanga mazoezi ya kukimbia kwa vipande: mbio, mapumziko, mbio tena, saa mkononi na kidole juu ya mshipa. Mkimbiaji wao Rudolf Harbig alikimbia meta 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mwaka 1939, na hakuna aliyevunja rekodi ile mpaka mwaka 1955. Wakati ule ule, kule Sweden, mwalimu Gösta Holmér aliwapeleka wakimbiaji wake msituni na kuwafundisha mchezo wa mwendo: kimbia kwa nguvu mpaka mti ule, tembea, kimbia tena unapojisikia. Njia zote mbili zilitoa watu hodari. Basi usiulize tu ipi ni nzuri. Uulize: ipi inafaa siku gani, na kwa mtu wa kazi gani?

«MIMI NABEBA VYUMA SIKU NZIMA, MAZOEZI YA NINI?»

Wafanyakazi wengi wanasema hivi. Waganga wa kazi wamechunguza jambo hilo miaka mingi, na wameona kwamba kazi nzito ya siku nzima haifanyi moyo kuwa na nguvu kama mazoezi yanavyofanya. Sababu yake? Kazini unainua, unasukuma, unasimama mahali pamoja masaa mengi, na mapumziko si wewe unayeyachagua. Moyo unapiga juu kidogo siku nzima, mgandamizo wa damu nao unapanda, lakini moyo haufiki pale juu panapoujenga, wala haupati nafasi ya kutulia. Mfikirie yule anayesukuma baiskeli yenye mifuko ya makala mpaka Lubumbashi. Anatumia nguvu nyingi sana, lakini hakuna anayesema kwamba kazi ile inampumzisha. Tena si wote wanaobeba vyuma. Mwenye kuongoza kamyo kubwa anakaa juu ya kiti toka mwanzo wa zamu mpaka mwisho.

Sasa sikia hesabu hii. Kazi ya koleo, kazi ya kupanda ngazi na vyombo mabegani, inaweza kuomba mwili lita 1 ya oksijeni kila dakika. Mtu ambaye mwili wake unaweza kutumia lita 3 kwa dakika anapoenda mpaka mwisho wa nguvu, kazi ile inamchukulia theluthi moja ya uwezo wake. Waganga wanasema theluthi moja ndiyo kadiri ambayo mtu anaweza kushika masaa 8 bila kujiharibu. Lakini mtu mwenye uwezo wa lita 2 tu, kazi ile ile inamchukulia nusu. Koleo ni moja, shimo ni moja, saa ni zile zile: mmoja anarudi nyumbani na kucheza na watoto, mwingine anarudi na kulala juu ya kiti kabla bukari haijaiva.

Jambo hilo linaweza kupimwa, na chombo cha kulipimia ni baiskeli isiyotembea. Mwaka 1954 Per-Olof Åstrand na Irma Ryhming wa Sweden waliandika namna ya kumkanyagisha mtu dakika 6 hivi juu ya ergometa, yaani baiskeli ya kupima nguvu, kuhesabu mapigo ya moyo wake, na kukadiria uwezo wake wote bila kumchosha mpaka mwisho. Namna hiyo ingali inatumika.

Na habari njema ni hii: uwezo ule unaweza kuongezeka. Hapo ndipo mpango unapoonyesha kazi yake.

FAIDA YA MPANGO

Moyo unajengwa hasa ukifikishwa juu, ukishushwa, na kufikishwa juu tena. Mtu anayekwenda kwa nguvu moja bila kupumzika hawezi kukaa juu muda mrefu. Akikata kazi vipande vipande, anaweza. Waalimu wa Trondheim, nchi ya Norway, waliandika mwaka 2007 juu ya mpango ulio rahisi kukumbuka: vipande 4 vya dakika 4. Unapasha mwili joto dakika 10. Unakanyaga dakika 4 mpaka moyo unafika kati ya 90 na 95 kwa mia ya mapigo yake ya juu kabisa. Unakanyaga polepole dakika 3. Unafanya hivyo mara 4, kisha unatuliza mwili. Watu waliofuata mpango ule waliongeza uwezo wao wa oksijeni kuliko wale waliokwenda polepole tu, ijapokuwa wote walifanya jumla ya kazi iliyo sawa.

Namna gani kujua mapigo ya juu? Zidisha miaka yako kwa 0.7, kisha utoe katika 208. Mtu wa miaka 40 anapata 180. Basi dakika zake 4 ngumu zitakuwa kati ya mapigo 162 na 171. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, watu hawafanani, mmoja anaweza kuizidi kwa mapigo 10 na mwingine kupungua. Kama huna chombo cha kupima, tumia mdomo wako. Katika zoezi jepesi unaweza kumwambia mwenzako habari nzima bila kukata pumzi. Katika zoezi gumu unaweza kusema maneno mawili matatu tu.

Wenye mashine ya wati wana kipimo kingine: nguvu ambayo mtu anaweza kushika kwa muda wa saa moja hivi. Ili asiteswe saa nzima, anakanyaga dakika 20 kwa nguvu zote anazoweza kugawanya vizuri, kisha anachukua 95 kwa mia. Aliyetoa wati 200 ataandika 190. Kwake yeye zoezi jepesi ni chini ya wati 142 hivi, na vipande vifupi vigumu ni toka 200 na zaidi.

Faida ya mpango ni hiyo: unakuambia kabla ya kupanda kazi itaanza wapi na itaisha wapi. Kapita mzuri hawaambii watu wake «chimbeni tu». Anawapa kipimo.

HATARI YA KWENDA UTAKAVYO KILA SIKU

Kwenda utakavyo kuna furaha. Saa moja inapita upesi, na mtu anayefurahi atarudi kesho. Hilo si jambo dogo, kwani zoezi la kwanza ni kutoacha.

Lakini kioo kina mtego. Ulisema moyoni: leo nitakwenda polepole, nimechoka. Mara jina moja linakupita. Unaongeza kidogo. Jina la pili linakupita. Unaongeza tena. Mlima unatokea, nao hauulizi kama umelala. Mwisho wa saa umekwenda si polepole, wala si kwa nguvu nyingi. Umekwenda katikati. Kwa mtu wetu wa wati 190 ni kama wati 145 mpaka 170.

Kwenda katikati mara mojamoja si vibaya. Kubaya ni kila siku. Ni kuzito mno kwa kupumzisha mwili, tena ni kwepesi mno kwa kuufikisha moyo pale juu. Uchovu unaongezeka kila siku, nguvu haziongezeki. Mchunguzi Stephen Seiler alitazama namna mabingwa wa mbio ndefu, wa baiskeli na wa makasia wanavyofanya, akaona kwamba kama mara 80 kwa mia wanakwenda kwa wepesi kabisa. Siku ngumu zao ni chache, lakini ni ngumu kweli. Ikiwa mabingwa wasio na kazi nyingine wanajilinda hivyo, je, wewe unayeamka saa kumi ya alfajiri kuingia kazini?

HATARI YA MPANGO NAO

Usifikiri kwamba mpango hauna ubaya. Mashine inayoshika wati haijui kitu. Haijui kama umetoka zamu ya usiku. Haijui kama mtoto alikuwa na homa na hukulala. Inaomba wati zake tu.

Tena ina tabia moja ambayo sharti uijue. Ukipunguza mwendo wa miguu, yenyewe inakaza breki ili wati zisishuke. Breki ikikaza, miguu inakwenda polepole zaidi. Inakaza tena. Kwa muda mfupi miguu inasimama kabisa, na magoti yanaumia. Dawa yake: usingoje. Miguu ikianza kuwa mizito, ongeza mwendo wa kukanyaga mapema, ao zima kipande hicho, ao punguza wati kumi kwa mia. Hakuna aibu. Mpango ni mtumishi wako, si mkubwa wako.

Na uchovu wa mazoezi haubaki nyumbani. Fikiri mtu anaongoza kamyo kwa kilometa 40 kwa saa. Akisinzia sekunde 4 tu, amekwenda zaidi ya meta 40 bila macho. Njiani kunaweza kuwa na mtu. Kwa hiyo usifanye zoezi gumu baada ya zamu ya usiku kabla ya kulala, wala katika masaa machache yanayotangulia kuongoza mashine kubwa. Pima mapigo yako asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Yakizidi yale ya kawaida yako kwa 10 hivi, siku ile ni ya wepesi ao ya kupumzika, hata kama karatasi inasema vingine.

JOTO LA NDANI YA NYUMBA

Barabarani upepo unakausha jasho. Nyumbani hakuna upepo. Mwili wa mtu unageuza robo moja ao chini ya nguvu zake kuwa mwendo, nyingine yote inakuwa joto. Ukitoa wati 150 juu ya pedale, mwili wako unatoa wati 450 mpaka 600 za joto. Ni kama kukaa na jiko dogo la umeme tumboni. Fungua dirisha na mlango. Weka feni mbele yako. Weka maji karibu. Ujipime kwa kilo kabla na baada ya zoezi: kilo 1 iliyopotea ni karibu lita 1 ya maji, nayo sharti irudi kabla ya kazi. Mtu anayeshuka katika joto la mgodi akiwa amekwisha kukauka anaanza zamu na deni.

NAMNA YA KUPANGA JUMA

Shirika la Afya la Dunia lilisema mwaka 2020 kwamba mtu mzima anahitaji kila juma dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya kadiri, ao dakika 75 mpaka 150 za mazoezi magumu, pamoja na siku 2 za kutia misuli nguvu. Kwa mfanyakazi anayeanza, siku 3 za baiskeli zinatosha:

Siku ya kwanza, ya mpango. Vipande 4 vya dakika 4. Majuma ya kwanza anza na vipande 2 tu, tena usifike juu sana. Uifanye baada ya usiku wa usingizi mzuri.

Siku ya pili, ya wepesi. Dakika 40 mpaka 60, ukiweza kuzungumza wakati wote. Ukiwa na mashine inayoshika wati, tumia mpango hapa pia, ili majina ya juu ya kioo yasikuvute. Watu wengi hawajui hilo: mpango una faida kubwa katika siku ya kwenda polepole kuliko siku ya nguvu.

Siku ya tatu, ya uhuru. Chagua barabara, panda mlima, fuata rafiki, cheka. Siku hii ndiyo inayokufanya upende zoezi. Lakini iwe siku moja, na kesho yake upumzike.

Zamu ikibadilika, badilisha siku, usizibebe zote kwa pamoja. Siku iliyopotea imepotea.

NANI AMUONE MGANGA KWANZA?

Mwenye miaka zaidi ya 40 asiyefanya mazoezi tangu zamani. Mwenye mgandamizo wa damu ao sukari. Mwenye kifua kinachouma, ao mapafu yaliyoguswa na vumbi ao kifua kikuu. Mwanamke mwenye mimba naye amuulize mganga ao mkunga kwanza. Mwenye homa asipande hata kidogo, akapimwe malaria kwanza. Na mtu yeyote, akisikia maumivu katika kifua, kizunguzungu, ao moyo unapiga ovyo, ashuke mara moja, akae chini, aite watu.

MAMA NA BABA, TAZAMENI WATOTO

Gurudumu linalozunguka na mnyororo vinakata kidole cha mtoto upesi kuliko unavyoweza kushuka. Mtoto asikaribie wakati mtu anakanyaga. Baada ya zoezi, funga chumba ao geuza mashine kuelekea ukuta. Baiskeli nyingine za chumba cha mazoezi zina gurudumu zito lisilosimama miguu ikisimama: usitoe miguu mpaka breki imelisimamisha. Waya wa umeme upite mbali na jasho. Sakafu ipanguswe.

KUMBUKA

Chagua kabla ya kupanda: leo ni siku ngumu, nyepesi, ao ya uhuru?
Siku nyepesi iwe nyepesi kweli. Siku ngumu iwe chache.
Mashine haijui usiku wako. Wewe unaujua.
Feni na maji ni vyombo vya usalama kama kofia.
Zoezi zuri ni lile linalokupeleka kazini ukiwa mzima, na kukurudisha nyumbani hivyo hivyo.